Chui Anapoleta Habari Njema

Mwape alikuwa muuza maziwa mwenye mdomo usio na breki, na daktari wa mifugo Gauthier aliuhitaji mdomo ule kuliko sindano zake. Daktari alikuwa akitoa damu ya ng'ombe kwenye mshipa wa chini ya mkia na kuipima. Mimba iliyoshika vizuri huacha alama yake katika damu ya mama. Alama ikipungua, mimba iko njiani kuanguka, hata kama ng'ombe mwenyewe anakula na kung'aa. Kupima hakukumsumbua daktari. Kusema ndiko kulikomponza. Mara ya kwanza alipomwambia mtu kwamba ndama wake atapotea, ndama akapotea kweli, na mtaa mzima wa Hewa Bora ukasema daktari ni mchawi, ndiye aliyemla tumboni. Wakamvunjia madirisha.

Ndipo akamkumbuka Mwape. Mwape alikuwa wa ukoo wa Chui, na wafugaji wengi wa pale walikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Chui na Mbuzi ni watani tangu enzi za mababu: Chui anaweza kumtukana Mbuzi hata msibani, akamnyang'anya kuku wake mchana kweupe, na Mbuzi hana ruhusa ya kununa, seuze kumwita mchawi. Kwa hiyo damu ikiwa mbaya, Mwape alijifunga kitenge akaenda kupiga kelele mlangoni: "Weye mbuzi, hata ng'ombe yako inakukataa! Mutoto hatakaa!" Watu walicheka kwanza, wakalia baadaye, na vioo vikasalimika.

Mwaka 1997, mwezi wa nne, waasi walikuwa wanaukaribia mji. Askari wa serikali walikimbia huku wakibeba kila kinachobebeka na kukokota kisichobebeka. Siku hizo Baba Donat, Mbuzi halisi, mstaafu wa reli na mjane, alikuwa anasubiri habari za ng'ombe wake wa pekee, Bijou. Bijou alikuwa ameharibu mimba mbili. Baba Donat aliapa kwamba ya tatu ikionekana kuanguka, atampeleka kwa wachinjaji kabla hajamvunja moyo tena.

Daktari aliipima damu ya Bijou kwa dawa yake ya mwisho, iliyokuwa inanuka samaki waliotoka Pweto kwa kuwa friji pekee lililofanya kazi mtaani lilikuwa la muuza samaki. Damu ilikuwa nzuri. Mwape akaondoka mbio, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile alikuwa anacheka peke yake njiani.

Alipofika kwa Baba Donat alikuta askari watatu uani, kamba ikiwa shingoni mwa Bijou. Mwape hakufikiri. Alijitupa chini, akajipaka majivu ya jikoni, akaanza kuomboleza.

"Weye mbuzi mulaaniwa! Docteur amesema damu imeharibika! Mutoto anaoza mu tumbo! Acha bale basoda bakule, basi, bakule kifo na chumvi!"

Mkubwa wao alimtazama Bijou, akatazama majivu, akaiachia kamba kama imemchoma. Waliondoka na sufuria ya maharage.

Mwape akainuka, akajipangusa. "Baba Donat, furahi! Nimebadanganya. Damu iko muzuri, mutoto eko anakaa."

Baba Donat alikuwa ameketi juu ya ndoo, machozi yakimtiririka. "Mwape, tangu lini Chui analetea Mbuzi habari ya muzuri? Ile ya kwanza njo ya kweli, hii ni ya kunituliza. Kila ile umesema ya mubaya, ilifika. Kesho minapeleka Bijou ku bachinjaji."

Mwape aliapa kwa mama yake, akaapa kwa Bikira Maria. Mzee alizidi kulia. Mdomo ule, uliosadikiwa miaka yote kwa mabaya, ulikuwa hauna thamani hata kidogo kwa jema moja.

Basi akafanya lililobaki. Aliokota kamba ya askari, akamfunga nayo Bijou upya, fundo la Chui anayechukua chake. "Vizuri. Ile mutoto mu tumbo ni yangu. Siku anazaliwa, minakuya kumubeba. Ni utani, huna la kusema."

Baba Donat aliacha kulia. Chui habebi mzoga. Hilo kila Mbuzi analijua.

"Mwizi weye!" alifoka, akaruka kutoka juu ya ndoo. "Fungua kamba! Gusa mutoto wangu uone!"

"Wako?"

"Wangu!"

Mwape akaifungua kamba, akaketi kwenye ndoo ile ile, na hapo ndipo hofu ya bunduki za wale askari ikamfikia. Akalia kuliko mzee.

Mimba iliingia nchi ikiitwa Zaïre, ndama akazaliwa ikiitwa Congo. Alikuwa jike, mwenye sauti ya kuudhi mtaa mzima. Baba Donat alimpa ndama jina la Mwape, na kila asubuhi Mwape mwenyewe alipopita na maziwa, mzee alisimama langoni na fimbo, akimlinda ndama wake.