Ujumbe Bila Salamu

Mimi ni mutengenezaji wa harmonium, ile kinanda ya kanisa unayoikanyaga na miguu ili ipate upepo. Kazi hii nilifundishwa na padri mumoja muzee mbele ya kumaliza shule ya primaire, na primaire yenyewe sikuimaliza hata kisha, niseme ukweli. Mikono yangu inajua ndimi za shaba zinazotoa sauti na mifuko ya hewa kuliko kichwa yangu inavyojua kuandika.

Sasa, mwaka uliopita kazi ilikauka. Miezi mine, hakuna parokia hata moja iliyoniita. Namba yangu ya zamani ilikuwa imepotea pamoja na simu, ile iliyoanguka ndani ya ziwa nikipanda boti ya kwenda kisiwa cha Idjwi (ile ni habari ingine, na kosa lilikuwa la mbuzi). Basi binti yangu mukubwa alinitengenezea site kwa internet. Kuna picha yangu na kofia, na chini yake formulaire: mutu anaandika jina na shida yake, anabonyeza, ujumbe unafika kwa mail ndani ya simu yangu mupya.

Kila asubuhi nilifungua simu mbele ya chai. Kimya. Nikasema, basi, harmonium imekufa, makanisa yote iko na synthé, zile kinanda za umeme. Menuisier, seremala jirani yetu hapa Kadutu, aliomba vyombo vyangu vya kazi, tukapatana atakuja kuvichukua Jumamosi.

Alhamisi binti yangu alinikuta nafunga patasi ndani ya kitambaa.

“Papa, unahama?”

“Vyombo ndiyo vinahama. Mimi nimekwisha.”

Hakucheka. Alitoa simu yake, akaandika kwa formulaire kama mutu wa kawaida, akabonyeza. Site ikasema: aksanti, ujumbe umetumwa. Tukakaa tukiangalia simu yangu kama watu wanaongoja mayai yaive. Hakuna kitu. Akasoma adresse yangu ya mail, herufi kwa herufi: iko sawa. Kisha akaagiza site imutumie yeye mwenyewe. Simu yake ikalia pale pale.

“Basi site inatuma muzuri,” akasema. “Shida iko kwako, papa.”

“Kwangu? Mimi sijagusa kitu.”

Alichukua simu yangu, akafungua sehemu ambayo sikujua kama iko, mahali mail inatupa takataka. Akanigeuzia kioo. Ujumbe wake wa sasa hivi ulikuwa pale, na chini yake zingine kumi na moja, zote za watu wanaotafuta fundi wa harmonium.

“Papa. Nani aliambia simu kwamba hizi ni takataka?”

Hapo nilikumbuka, na haya ikanishika. Wakati site ilikuwa mupya, ujumbe mbili zilifika. Ya kwanza ilisema hivi: *Jina*, kisha jina. *Shida*, kisha: pedali imekatika, unakuja lini. Ni hivyo tu! Hakuna habari ya asubuhi, hakuna habari ya watoto. Mimi nilikuwa mwandishi wa barua za mama yangu. Yeye alisema, mimi naandika: salamu kwanza, kisha wagonjwa, kisha mihogo, na jambo lenyewe linakuja nyuma kabisa. Siku moja barua ilifika kwetu bila salamu. Baba yangu aliichoma motoni bila kuuliza imetoka kwa nani. Mutu anayekuandikia hivyo amekukasirikia, ao anataka kukuibia. Na kwa simu wezi ni wengi. Kwa hiyo niliibonyeza pale pa kusema hii ni mbaya. Ya pili vilevile.

“Ulifundisha mashine,” binti yangu akasema, “na iko mwanafunzi muzuri kukushinda. Tangu siku ile inazitupa zote.”

“Lakini hawakusalimia!”

“Papa, formulaire haina mahali pa kusalimia!”

Alizirudisha moja moja, akaambia mail kwamba hizi ni za watu wazuri. Zile za zamani zaidi mashine ilikuwa imeshazifuta, na kwa hizo roho inaniuma. Kisha akaingia ndani ya site, akaongeza mustari juu ya kila ujumbe: *Jambo papa, habari ya nyumbani?* Alijaribu tena. Simu yangu ikalia. Nikaitika, “Muzuri!”, kwa sauti, kama mujinga.

Ujumbe wa mahali pa karibu zaidi ulitoka kwa masista wa Kalehe. Niliwapigia kwa namba waliyoandika chini ya shida yao. Mumoja akapokea.

“Ni wewe fundi? Sisi tulishakuombea misa ya marehemu!”

“Aksanti, mama sista. Muiweke tu, itatumika.”

Jumamosi jirani alikuja na mukokoteni, nikamuambia vyombo vinabaki. “Muzee, unanichezea?” Alinuna mupaka nikamupa randa moja, sababu nilikuwa na mbili. Miguu yangu ilikuwa nyepesi, ningemupa hata kofia.

Jumatatu nilikuwa Kalehe. Nilifungua harmonium kwa nyuma: panya wamekula ngozi yote ya mifuko, ndimi tano zimeota kutu ya kijani, pedali inaning'inia. Kazi ya siku tatu, labda ine. Nikavua koti, nikakaa chini kwa sakafu ya simenti, nikaomba wanipatie taa.