Upande wa Kushoto wa Nyumba

Wapimaji wa barabara walikuja Jumamosi, wakati sote tulipokuwa kanisani. Tuliporudi tukakuta vigingi vimekatiza boma la nyanya yangu, huku Gesima, vikipita sawasawa kwenye upande wa kushoto wa nyumba yake. Lori la majani ya chai lilihitaji njia.

Nyanya hakuvigusa siku hiyo, ilikuwa Sabato. Jumapili asubuhi aliving'oa vyote kwa jembe, akavifunga kwa kamba ya mgomba, na Jumatatu akavibeba kichwani hadi kwenye baraza la naibu wa chifu. Nilimfuata ili nimtafsirie, kwa kuwa mpimaji mkuu alikuwa mgeni na nyanya hakujua Kiswahili. Nilikuwa mwalimu mpya, naiogopa serikali. Yeye hakuiogopa.

Kwetu mume huzikwa upande wa kulia wa nyumba, mke upande wa kushoto. Babu alikuwa amelala kulia tangu zamani. Kushoto palikuwa pa nyanya, na kila mtu pale barazani alijua hivyo, isipokuwa mgeni.

Mpimaji alieleza kwa upole kwamba barabara ni maendeleo, na kwamba wazee ndio watakaopata nafuu. Nyanya akasema hana ugomvi na barabara. Mgongo wake umechoka kubeba majani ya chai. Basi ipite nyuma, kwenye shamba lake la wimbi. Mpimaji akajibu kwamba huko lori litalazimika kupinda.

"Mwambie lori lina magurudumu," nyanya akaniambia. "Lipinde. Mimi nikishalazwa, sipindi."

Nikatafsiri kwamba mzee anaomba wafikirie tena. Naibu wa chifu akacheka.

"Mwalimu, huyu mama hajaomba. Sema alivyosema."

Nikasema.

Mpimaji akautazama mzigo wa vigingi, kisha akamuuliza naibu angefanyaje kama lingekuwa boma la mamake. Naibu akainama, akaanza kufungua ile kamba ya mgomba.

Barabara ililimeza shamba lote la wimbi. Tangu hapo tulinunua unga sokoni, na nyanya akaulalamikia kila tonge: una mchanga, umesagwa na mvivu. Lakini lori liliponguruma kwenye kona aliacha kutafuna.

"Limepinda?"

"Limepinda, nyanya."

Tulimzika kushoto, msimu wa mvua nyingi. Tulikuwa bado tumeshika majembe lori lilipopita, likapinda.