Ngokela ya Mama Glorious

Katika kijiji chao huko Mbuji, hakuna mama aliyejaliwa washauri kama Notburga. Tangu daktari mmoja wa mjini amwambie kuwa binti yake Glorious ana usonji, na kwamba mlezi naye apumzike, wataalamu walijaa hadi uani. Hilda, mwenyekiti wa jumuiya, alisema mtoto amedekezwa. Shemeji yake, Egidi, alisema viboko viwili vingetosha kumfundisha kuongea. Walishauri kwa ukarimu, kisha wakaaga kabla Glorious hajaanza mayowe yake.

Bahati mbaya, ushauri haulimi. Machi ilikuwa inakwisha, nyasi zimeshafyekwa, lakini yale mashimo ya ngolo yanayoshika udongo mlimani hayakuwa yamechimbwa hata moja. Kila Notburga aliposhika jembe, Glorious alitimkia mtoni. Bila maharage, mwaka huo wangekula ushauri.

Basi akapika pombe, akawaita washauri wake kwa ngokela, kazi ya kusaidiana shambani. Desturi inajulikana: ukila na kunywa kwa aliyekuita, huondoki mpaka kazi yake iishe. Walikuja na majembe, wakala, wakashiba.

"Haya, Mama Glorious, tuanzie wapi?" Egidi aliuliza, akijifuta mdomo.

"Majembe wekeni chini. Shamba nitachimba mwenyewe. Kazi niliyowaitia ni huyu hapa."

"Unatutania!"

"Shemeji, nani amtanie bingwa wa malezi? Upande wa mtoni msiuache wazi. Msimshike kwa nguvu. Na wewe Hilda, angalia asidekezwe."

Akapanda mlimani. Daktari alisema apumzike. Naye akapumzika, jembe mkononi, akiimba, bila kugeuka nyuma kila dakika.

Jua la utosi lilimleta Egidi, anahema, kiatu kimoja.

"Shemeji, nipe jembe. Hata lile bovu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na Hilda, wamekaa ukingoni. Hataki kuondoka, na Hilda hathubutu kumwachia gauni. Kitenge chake chote tope."

"Na vile viboko viwili?"

"Ulikuwa mdomo tu, shemeji."

"Nimebakiza kipande cha chini. Rudi kazini."

Alipomaliza, Hilda alikuwa amepoteza sauti na hakuwa na ushauri wowote. Aliuliza tu maharage yatapandwa lini, aje kukaa na mtoto.

"Alhamisi," Notburga akajibu haraka, kabla hajabadili mawazo.

Egidi, kwa masikitiko makubwa, Alhamisi atakuwa na dharura.