Suuza ya Tatu

Wanafunzi walimwita Mzee Suuza. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya maabara ya chuo kikuu cha umma, mwaka wa ishirini na tisa sasa. Alianza kukiwa na chumba kimoja nyuma ya stoo, bomba moja, na Profesa, wakati huo binti mwembamba mwenye madaftari mengi kuliko viti. Leo ni ghorofa tatu. Asubuhi watu hupanga foleni mpaka getini kupimwa ini, kwa kipimo kilichozaliwa humohumo. Kinauona ugonjwa ungali mchanga, vidonge vikitosha.

Mkewe hakukiwahi. Ini lilimuua, akazikwa miezi mitano kabla hakijaanza kutumika.

Kusoma hakujua. Alijua suuza tatu: mbili za bomba, ya tatu ya maji ya mtungi, yasiyo na chumvi.

"Ukiiruka ya tatu," Profesa alimwambia zamani, "sabuni inabaki, kipimo kinadanganya. Mgonjwa anaambiwa ni mzima."

Ijumaa binti wa Mzee, wa pekee, akaingia mbio na karatasi. Tangu msiba alikuwa akishika ubavu kama mama yake.

"Baba! Kipimo cha jana, salama! Mbona umekunja uso kama umekunywa siki?"

Mzee alikuwa akiutazama mtungi. Umejaa mpaka shingoni. Aliujaza mwenyewe Jumatano asubuhi kabla ya kuosha, tangu hapo hajaosha tena, na vyombo vya Jumatano ndivyo vilivyopimia jana. Siku ile alikuta kitambaa cha marehemu mfukoni mwa koti. Mikono ikaosha, moyo haukuwepo.

Akisema, kazi imekwenda na furaha ya mtoto imekwenda. Akinyamaza, je? Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya hayakumwagika, ndiyo balaa yenyewe.

"Ningoje hapa, mama," alimwambia bintiye. Akapanda ngazi hadi kwa Profesa.

"Mzee wangu, ghorofa zote hizi kwa miguu?" Profesa akacheka. "Kuna moto?"

"Jumatano sikusuuza ya tatu."

Profesa akavua miwani. "Vyombo vingapi?"

"Vyote. Watu arobaini na mmoja. Mwanangu yumo."

Hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mtungi."

Profesa akashika simu. "Waite wote warudi Jumatatu. Ndiyo, wote." Akamgeukia. "Vyombo utaosha wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine atakayeogopa vya kutosha?"

Aliosha vyote upya. Binti alisimama mlangoni, akihesabu suuza kwa vidole.

Jumanne karatasi zikatoka. Watatu walikuwa na ugonjwa. Wa tatu alikuwa binti yake.

Mzee aliishika karatasi ya bintiye kwa mikono miwili.

"Baba, umeishika kichwa chini."

"Wamesema mchanga?"

"Mchanga. Vidonge miezi sita."

"Mchanga kweli?"

"Kweli, Baba. Umeshauliza."

"Mama yako naye walimwambia atapona."

Binti akampokea karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Mzee akateremka kwenye sinki lake. Akachungulia mtungi. Maji yalikuwa yamefika nusu. Akachungulia tena.