Siku Bafta Aliporudi, Nyumba Haina Bati

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka hata magoti haya yanasahau kuuma. Ni siku niliyokuwa wa mwisho katika mashindano ya njiwa, nikapita Kariakoo kifua mbele. Nimeamua kukuhadithia kwa sababu ya lile swali ulilonijia nalo juzi.

Ulipanda ngazi hadi kwangu hapa Mchafukoge, ukaniamkia, nikakuitikia marahaba, na kabla hujakaa nikajua una jambo. Ukasema, "Bibi, hawa njiwa ninaowafuga juu ya paa la ghorofa letu nataka kuwagawa. Kuna jamaa yangu Kigamboni anawataka. Majirani wamenichoka, kila wakianika nguo zinachafuliwa, na kikao cha wapangaji ni Jumapili. Halafu kusema kweli ngoma yenyewe imebuma. Masela niliokuwa nashindana nao wameacha mmoja mmoja. Hebu niambie wewe uliyeanza zamani, huu mchezo unakua au unakufa?"

Nikakwambia nitafikiri. Uongo mtupu, sikuwa na la kufikiri. Ningekujibu palepale ningekugombeza, na chai ilikuwa inapoa. Sasa nimeshakunywa chai, nisikilize.

Nilipokuwa msichana tulipanga nyumba ya chini karibu na Mtaa wa Msimbazi, na kule uani, juu ya jiko, baba alijenga banda la njiwa. Baba alitoka Masasi kuja kutafuta maisha, na hicho ndicho kitu cha kwanza alichojenga mjini. Kaka zangu walipenda mpira. Ugonjwa wa njiwa ukaniangukia mimi. Watu walicheka, ati mtoto wa kike anapiga mluzi juu ya paa. Wacheke! Nilikuwa nawajua njiwa wetu kwa mlio wa mabawa yao, na jioni nikitikisa kopo la mtama, kopo la maziwa ya unga lililoingia kutu, walishuka wote kabla sijapiga huo mluzi wenyewe. Niliyempenda kuliko wote alikuwa mweupe kabisa kama kitambaa cha bafta, tukamwita Bafta.

Mashindano yetu yalikuwa hivi. Njiwa walitiwa kwenye matenga, haya haya ya kuku unayoyaona sokoni, wakapakiwa kwenye lori hadi Morogoro. Asubuhi dereva anawafungulia. Kila njiwa amevishwa kipande cha mpira mguuni, na akifika kwake mpira unavuliwa na kupelekwa kwenye benchi la muuza kahawa tulipokuwa tunakutana. Lakini njiwa aliyetua juu ya paa hahesabiwi. Mpaka aingie bandani kwa miguu yake mwenyewe, apite kile kimlango cha fito kinachofunguka kwa ndani tu. Na mpira hauvuliwi na mwenye njiwa, unavuliwa na mshindani wake. Siku hiyo mshindani wako anakuja kukaa kwako tangu asubuhi kama shahidi, anakunywa chai yako na kula mihogo yako, na wewe unapeleka mtu wako kwake. Ndivyo tulivyoaminiana. Ugomvi haukukosekana, ila ulikuwa ugomvi wa kwenda kucheka jioni.

Shahidi wetu sisi alikuwa Mzee Temba, Mchagga mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili, na banda lake juu ya duka. Mrefu, mkali, mtu asiyependa kushindwa hata kwenye bao.

Wakati huo nyumba za chini zilikuwa zimeanza kubomolewa kupisha maghorofa. Bati likishuka, na banda la njiwa linashuka nalo. Pale kwenye benchi la kahawa watu wakaanza kusema mchezo umekwisha, jamani, tucheze mara hii tu tuagane. Unaona sasa? Swali lako lina umri mkubwa kuliko wewe.

Hata nyumba yetu ilikuwa imeuzwa. Mnunuzi tulielewana naye kwamba tutahama baada ya mashindano, lakini si unawajua watu wenye haraka ya ghorofa. Asubuhi ya mashindano, njiwa wakiwa Morogoro kwenye matenga, mafundi wakaingia na nyundo. Mara vyombo vyetu vikawa barabarani. Baba akakaa juu ya godoro. Mabati yakashushwa moja baada ya jingine, na banda letu likashushwa zima zima na kuwekwa kando ya mtaro. Nilililia lile bati, mwanangu, kuliko nilivyolilia chumba changu. Bafta alikuwa anarudi, na nilijua anachorudia ni hilo bati na hilo banda mahali pake. Angezunguka juu mpaka achoke, halafu aende zake, na mimi nisimwone tena.

Ndipo Mzee Temba akatokea na kigoda chake mkononi, amekuja kuwa shahidi. Nikamwamkia, halafu nikamwambia, "Mzee, rudi tu nyumbani. Sisi yetu yamekwisha."

Hakuitika hata marahaba. Akaniuliza, "Bafta yuko wapi?"

"Si Morogoro, Mzee."

"Ameshafunguliwa?"

"Saa hizi atakuwa ameshafunguliwa."

"Sasa binti, mwenzako yuko angani anapiga mabawa kuja kwako, na wewe umekaa hapa unaniambia yamekwisha. Nani kakupa ruhusa ya kumsemea? Inuka!"

Aliyeinuka kwanza ni baba. Aliinuka kutoka kwenye lile godoro akaenda moja kwa moja kushika pembe ya banda. Mimi nikakimbilia sokoni kuita wapagazi, wakaja wanacheka, hawajawahi kubeba mzigo wa namna hiyo. Ukuta wa jiko ulikuwa bado umesimama. Msimamizi wa mafundi akapiga kelele, "Mzee, hapa ni kazini! Mtu akiangukiwa na ukuta nani atajibu?"

"Nitajibu mimi Temba," akasema. "Huu ukuta uache mpaka njiwa wa huyu binti aingie. Baada ya hapo vunja hata usiku na mchana."

Banda likapandishwa juu ya ukuta wa jiko, mahali pake pale pale, ila sasa lilikuwa halina pa kuegemea. Mzee Temba akapanda juu ya pipa, akalishika kwa mikono yake miwili. Akabaki hivyo. Mimi nikasimama chini na kopo langu.

Jua likapanda. Tukasikia shangwe kutoka mtaa wa pili, njiwa wa watu wanaanza kuingia. Kisha ikaletwa habari kwamba njiwa wa Mzee Temba naye amefika, ila ametua juu ya paa la duka na haingii, anamngoja bwana wake amwite. Kaka yangu aliyekuwa shahidi kule ndiye aliyetuma ujumbe, na mke wa Mzee naye akasisitiza aende mbio. Mtu asiyependa kushindwa, nimekwambia! Nikamwona anatazama upande wa dukani kwake, jasho linamtiririka hadi kidevuni.

"Mwambieni angoje," akasema. "Huyo ana paa."

Bafta alikuja amechelewa. Akapita juu yetu, akazunguka, akapita tena. Alikuwa anatafuta bati lake. Mafundi wakaacha nyundo, wapagazi wakainua macho juu. Nikatikisa lile kopo. Akazunguka tena, chini kidogo. Nikatikisa. Mara akakunja mabawa, akatua juu ya ule ukuta wa jiko, akatembea taratibu juu ya vumbi la matofali, akapita kimlango cha fito akaingia kwake.

Nililia mbele za watu na sikuona haya. Mzee Temba akamvua mpira, akashuka kwenye pipa, mikono imekufa ganzi hata kuikunja hawezi. Njiwa wake mwenyewe aliingia bandani kwa njaa, bila kuitwa, nafasi ya ushindi imeshapita. Hakuuliza habari zake. Akaenda mguu kwa mguu hadi kwenye benchi la kahawa, baba na mimi nyuma yake, akaweka mpira wa Bafta mwishoni kabisa, baada ya mipira yote.

Mtu mmoja akasema, "Huyo hahesabiwi. Nyumba yao imebomolewa, banda wamelihamisha."

Mzee Temba akamjibu, "Mahali ni pale pale, banda ni lile lile, na shahidi ni mimi. Tena tulisema leo tunaagana? Mwenye kutaka kuaga aage. Mimi nataka kurudiana na huyu binti."

Hakuna aliyeaga, mwanangu. Mwaka uliofuata tulishindana tena, na wengine ambao mabanda yao yalikuwa yameshakuwa kuni walijenga mapya. Sisi tulihamia Buguruni, tukaanza na makinda, kwa sababu njiwa mkubwa humdanganyi kuhusu kwao. Bafta mwenyewe nilimfuga ndani ya wavu mpaka uzee wake. Mzee Temba alikuja Buguruni kila mwaka na kigoda chake, na mara nyingi nilimshinda.

Sasa jibu lako. Mchezo unakua au unakufa? Hapa katikati ya mji tumepungua, sikufichi. Mabati hakuna, watu wamebanana, na vijana wana simu za kutazama badala ya anga. Lakini huko Mbagala na Gongo la Mboto naambiwa vijana wanafuga, na simu hizo hizo ndizo wanazotumia kupangia mashindano. Kwa hiyo unakufa na unakua, inategemea umesimama wapi. Lakini hilo silo swali lako. Ulikuja kwangu unatafuta mtu wa kukwambia umekwisha, ili ukiwagawa njiwa wako usione vibaya. Umekosea mlango.

Ninachokushauri ni hiki. Kesho asubuhi panda juu na ndoo ya maji, usugue lile paa mpaka ling'ae. Kile kinyesi kipeleke kwa mama wa chini anayeotesha mchicha kwenye ndoo, atakushukuru. Yule anayelalamikia nguo zake mfungie kamba mpya upande wa pili wa tangi la maji, umfungie wewe mwenyewe, na umwombe radhi kwa adabu. Jumapili nenda kwenye kikao umevaa shati lililopigwa pasi, useme njiwa wangu ni hawa na usafi wao ni juu yangu. Wakikukatalia, watakuwa wamekukatalia wao. Wewe usijikatalie. Na usiwapeleke Kigamboni. Utawapeleka, siku wakifunguliwa watavuka maji na kurudi kwako, watakuta dirisha la banda limefungwa. Hiyo ndiyo aibu, siyo kuwa wa mwisho.

Na si njiwa peke yao. Kazi uliyoianza, mtu uliyemwahidi, hata ndugu uliyekosana naye akaondoka, huenda saa hii yuko njiani kuja kwako. Usimsemee kwamba yamekwisha. Kama nyumba haina bati, shika banda kwa mikono yako mpaka aingie.

Siku ya mashindano yako nitakuja kuwa shahidi wako. Ngazi zenu ni nyingi na sizipendi, kwa hiyo chai iwe tayari na mihogo isiwe migumu. Kopo nitakuja nalo, lile lile, kutu na yote.

Haya, nenda ukawape mtama. Mungu akupe afya na majirani wenye moyo mpana, akutunzie mikono yako isichoke mapema, na chochote kilicho chako kikirudi, mwanangu, kikukute upo.