Siku Kisigino Kilipouma

Mama ameniomba niwaeleze yaliyonipata, nami nimekubali kwa sharti moja: nisiseme nisilolijua.

Kabla ya kuugua nilikuwa kijana wa kupanda kilima cha Iringa kutoka mtoni hadi mjini bila kupumzika. Nikiwa likizo kutoka chuo kikuu Kampala, nilikwenda Mbeya kumtembelea kaka yangu. Huko niliharisha siku nne, nikapona. Wiki iliyofuata vidole vya miguu vikaingia ganzi. Kaka alisema ni viatu, nami nikasema ni viatu.

Nikapanda basi kurudi Iringa kwa mama. Tulipofika niliinuka nishuke, magoti yakakunjika, nikaanguka ngazini mbele za watu.

"Huyu kalewa," alisema kondakta.

Nilikuwa naitazama miguu yangu kama mizigo ya mtu mwingine.

Hospitalini daktari alinigonga goti kwa kinyundo cha mpira. Goti halikuruka. Akanichoma sindano kuanzia unyayoni, nami nikahisi juu ya goti tu.

"Ubongo wako ni mzima," alisema. "Unatoa amri. Neva za kuzifikisha miguuni ndizo zilizoharibika."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Ganzi itapanda mpaka wapi?"

"Kupumua nako kunategemea neva. Tutakuangalia."

Kila asubuhi dresa wa wodi, mzee wa Kihehe aliyesafisha na kufunga vidonda, aliniambia nivute pumzi moja, nihesabu kwa sauti mpaka ikatike.

"Haya, msomi, tuonyeshe hesabu za chuo kikuu."

Siku ya kwanza nilifika thelathini na nane. Kesho yake thelathini na moja. Kisha ishirini na mbili. Mikono ikalegea, mama akawa ananilisha uji, mwingine ukitokea puani. Mkojo ukagoma, wakanitia mpira. Nilipoishia kumi na moja, dresa aliacha utani. Niliogopa hata kusinzia, nikidhani kifua kitasahau kazi yake.

Ilikuwa Juni, na baridi yetu mnaijua. Mama alifanya kama tunavyofanya nyumbani: alipasha tofali motoni, akalifunga kwa gunia, akaliweka miguuni pangu.

"Si la moto mno, baba?"

"Haliunguzi, mama. Lisogeze karibu."

Mimi niliyemsumbua mchungaji kwa maswali tangu kipaimara, siku hiyo sikujiuliza swali hata moja. Nilipima moto kwa mguu usiohisi. Harufu ndiyo iliyotushtua. Ngozi ya kisigino cha kushoto ilikuwa imebanduka, nyama nyeupe inaonekana, nami sikuhisi kitu.

"Nimemchoma mwanangu," mama alilia.

"Mimi ndiye niliyesema ulisogeze."

Kesho yake nilihesabu tisa. Keshokutwa, tisa. Siku ya tatu, kumi na mbili.

"Hebu tena," alisema dresa.

Kumi na mbili.

Pumzi ilirudi taratibu, mikono ikafuata. Miguu ilikaa kimya wiki nyingi, na hofu ikabadilika tu: sitakufa, lakini nitabebwa maisha yangu yote. Hadi asubuhi moja dresa alipokuwa akisafisha kidonda, nikaguna.

"Nini?"

"Panauma."

Akagusa tena. "Hapa?"

"Hapo hapo, mzee. Panauma sana."

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Alikaa chini sakafuni, akasema polepole, "Mguse tena."

Namshukuru dresa, na daktari aliyethubutu kusema hajui. Mama anasema ni maombi yake. Katika hilo sibishani naye, kwa kuwa nami sijui. Ninalolijua ni hili: mtu akisema ganzi inapanda, msimwambie ni viatu, mpelekeni hospitali. Na mkimpasha moto mgonjwa, pimeni kwa mikono yenu, msimwulize yeye.

Jana nilipanda kilima kwa fimbo, nikapumzika mara tatu. Kiatu cha kushoto kinakwaruza kovu kila hatua. Kaka ameniletea viatu vingine laini kutoka Mbeya. Nimeviweka chini ya kitanda; kwa sasa nataka kukihisi kisigino kikiuma.