Tumbo la Shemeji

Kabla watu hawajamwita Bi Safari, alikuwa msomaji prufu gazetini, kazi yake kuwinda herufi zilizopotea njia. Siku moja mwandishi wa ukurasa wa utalii aliacha kazi ghafla, na mhariri akamgeukia yeye.

"Umewahi kusafiri?"

"Nilikwenda kumzika mjomba."

"Basi andika hiyo."

Akaandika jinsi waombolezaji walivyolisukuma basi kwa nguo zao za msiba, na jinsi mjomba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwahi popote, alivyowatangulia wote kufika makaburini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ukurasa ukawa wake.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu na hakuweza kufunga karakana kila mara. Akamwomba mdogo wake, mchomeleaji wa mageti, awe anamsindikiza mkewe. Hapo ndipo Shemeji alipoingia katika makala, na wasomaji wakampenda kuliko mwandishi mwenyewe. Shemeji hakuwa na tumbo la safari. Alitapika kwenye treni, kwenye kivuko, na mara moja ndani ya kofia ya polisi wa barabarani. Bi Safari alitia chumvi kidogo tu. Mengine yalikuwa kweli tupu.

"Shemeji, hii ya kofia usiandike," mchomeleaji alimwomba siku ile. "Wateja wangu wanasoma."

"Nisipoandika hii niandike nini? Kwamba tulifika salama?"

Akaandika. Wateja wakaanza kupita karakanani kwake bila geti la kuchomelea, kumtazama tu na kumuuliza kama ameshakula. Naye alicheka nao. Hakuwa mtu wa kununa.

Baada ya vitabu viwili vya safari, mchapishaji alitaka kitu kipya, na Bi Safari akaandika kitabu cha kuwaeleza watu wa kawaida mwili wa binadamu. Alishinda maktaba, akawasumbua madaktari kwa maswali, kisha akayaeleza yote kwa lugha ambayo hata muuza mkaa aliielewa. Sura iliyopendwa zaidi ilikuwa ya tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa la Shemeji. Mwishoni mwa tumbo, aliandika, kuna mlango mdogo wenye bawabu anayekiruhusu chakula kushuka. Bawabu wa Shemeji amelala kazini, ndiyo maana chakula kinarudi kilikotoka. Shuleni watoto waliisoma kwa sauti, darasa zima likiangua kicheko.

Wakati huo Shemeji alikuwa anatapika hata bila safari. Alitapika mezani kwa kaka yake, baada ya chai na mkate. Bi Safari alimletea beseni akamwambia, "Subiri nichukue kalamu." Shemeji akatabasamu huku ameshika ukingo wa meza.

Zahanati alikokwenda, daktari alitazama kadi, akamtazama mgonjwa, uso ukamchangamka. "Kumbe ndiye wewe, Shemeji wa Bi Safari!" Akampa vidonge vya kiungulia na kumtakia safari njema. Miezi ikapita hivyo, mkanda wa suruali ukiongezwa matundu kwa msumari. Mume wa Bi Safari ndiye aliyekwenda siku moja kwenye karakana ya mageti, akamkuta mdogo wake amevua shati kwa joto, na mbavu zinahesabika. Alimpakia kwenye gari la kazi, kati ya majokofu mawili, akampeleka hospitali kubwa.

Ulikuwa uvimbe, umeziba ule mlango wa chini wa tumbo. Daktari wa pale alianza kueleza mlango huo uko wapi.

"Najua uko wapi," Bi Safari alisema.

"Mngekuja mapema, pengine tungeukata."

Wodini, muuguzi alileta nakala yake ya kile kitabu cha mwili ili mgonjwa atie sahihi. Shemeji aliitia, kisha akamwomba shemeji yake amgeuze ubavu.

"Ungenikataza kwa ukali," Bi Safari alimwambia.

"Nilikukataza. Ukali sina, unajua." Akapumzika kidogo. "Kaka aliniambia nisikuache peke yako njiani. Basi."

Hakumaliza mwezi. Msibani watu wasiomjua walikuja wengi, na kila aliyejaribu kumsifu aliishia kwenye kofia ya polisi. Walicheka huku wakifuta machozi. Kaka wa marehemu aliinuka akaenda kusimama nje.

Mchapishaji alitaka kutoa kitabu upya. Bi Safari akaomba sura ya tumbo iondolewe. "Bila hiyo nani atanunua?" akamwambia, naye ndiye aliyekuwa na haki kwa mkataba. Kikatoka kama kilivyokuwa.

Gazetini aliendelea kuandika, sasa kuhusu dalili za maradhi: ukiona hivi, usingoje, nenda. Hakutia mzaha hata chembe. Wasomaji wakalalamika kwamba Bi Safari amechuja. Ukurasa ukawa nusu, nusu ikawa kona kando ya matangazo, kona ikafutwa. Akarudi kusoma prufu, safari hii za vitabu vya hesabu.

Mumewe hakumlaumu hata mara moja. Waliongea mambo ya nyumbani, sabuni imekwisha, bomba linavuja. Jioni moja, wakila, maneno yalimponyoka Bi Safari, mzaha mdogo tu kuhusu jogoo wa jirani anayewika saa za mapumziko. Mumewe akaanza kucheka. Kisha kicheko kikamkatika, akaiacha sahani, akaenda kunawa mikono. Alikaa huko, maji yakichuruzika, mpaka chakula kikapoa.